Naamka saa kumi na moja, mbona bado nachelewa?

Dada, shikamoo.

Nina miaka 34, naishi Kimara na mume wangu, mwanangu Ivan wa miaka tisa, na mama mkwe ambaye alikuja mjini kutibiwa macho akabaki kwetu. Nafanya kazi ya uhasibu kwenye ofisi moja huku mjini.

Mwaka jana walimu wa Ivan walituita. Hatulii, anasahau madaftari, anajibu swali kabla mwalimu hajalimaliza. Tukampeleka hospitali, daktari wa afya ya akili akasema ana ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia. Sasa wakati daktari anatuuliza maswali kuhusu mtoto, mimi nimekaa pembeni najiona kila swali linanisema mimi. Nikarudi peke yangu siku nyingine. Baada ya kuonana naye kwa muda, akaniambia na mimi ninayo tangu utotoni, ila yangu si ile ya kurukaruka, ni ile ya akili kuhama. Nilitoka pale nalia, na sijui nilikuwa nalia kwa huzuni au kwa kupata ahueni.

Dada, shida yangu ni asubuhi. Ngoja nikueleze Jumanne ya wiki iliyopita. Alamu imelia saa kumi na moja na nimeamka, usije ukanifikiria mvivu. Nikabandika maji ya chai. Nikachukua simu nione saa tu. Kwenye grupu la kikoba kuna ubishi wa mtu ambaye hajaleta hisa, nikajibu. Kuja kuinua kichwa, maji yamekauka nusu sufuria. Naongeza mengine, nasikia bomba la nje limeanza kutoa, na mtaani kwetu maji ni ya mgao. Natoka na madumu. Kule nje naona shati la shule la Ivan bado bichi kwenye kamba, naliingiza ndani nilipige pasi likauke. Pasi siioni. Naitafuta kabatini, nakutana na bahasha ya risiti ambazo bosi alikuwa anazidai, nakaa kitandani nazipanga. Nazipanga kwa tarehe, dada! Ivan akaja na soksi mguu mmoja: “Mama, gari la shule linapiga honi.” Huko nje dumu limefurika, maji yanaenda mpaka kwa jirani.

Siku hiyo nilimkimbiza kwa bodaboda, na mimi kazini mashine ya alama za vidole ikanisoma saa mbili na dakika arobaini. Tunatakiwa tuwe tumeingia saa mbili kamili. Alhamisi nikakabidhiwa barua ya onyo.

Mume wangu anafanya kazi kwa zamu, mara nyingi asubuhi hayupo. Mama mkwe anasema enzi zao hakukuwa na ADHD, kulikuwa na fimbo, na kwamba ugonjwa wangu ni simu. Nimejaribu kuweka alamu nyingi nyingi, nimejaribu kuamka saa kumi, nachelewa vilevile. Vidonge nilivyoandikiwa (ni methylphenidate, kama vya Ivan) huwa nakumbuka kuvimeza nikiwa tayari nimefika kazini.

Nifanyeje asubuhi iende? Ni kweli simu ndiyo imenisababishia? Na bosi nimwambie au ninyamaze?

Mama Ivan, Kimara

*

Mama Ivan, marahaba.

Nimeirudia hiyo Jumanne yako taratibu, na sijaona humo jambo hata moja la kipuuzi. Maji ya mgao lazima yakingwe. Shati bichi halivaliki. Risiti zinadaiwa kweli. Anayekuita mvivu hajahesabu kazi ulizozigusa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Kilichokwama ni upangaji wa foleni. Kila kilichoingia machoni au masikioni kilipewa nafasi ya kwanza, na gari la shule, kwa kuwa halionekani wala halisikiki mpaka lipige honi, likawa la mwisho. Ndivyo ADHD inavyofanya kazi. Dopamini na noradrenalini, kemikali zinazousaidia ubongo kushikilia jambo moja na kuyaambia mengine yasubiri, mwendo wake una hitilafu, kwa hiyo kilicho mbele ya macho kinakishinda kilicho muhimu.

Ukilikubali hilo, utaona kwa nini kuamka saa kumi hakukukusaidia. Ulijiongezea saa nzima ya kukutana na vitu. Najua mitandaoni kuna watu wanaowaambia wenzao kwamba siri ya mafanikio ni kuamka usiku wa manane, waache waamke. Wewe rudi kwenye saa kumi na moja, na kama vitu vikiandaliwa vizuri hata kumi na moja na nusu itakutosha, kwa sababu na usingizi nao ni sehemu ya ugonjwa huu. Watu wazima wengi wenye ADHD saa ya mwili wao imesogea mbele: usiku wa saa tano ndipo wanachangamka, alfajiri wako kama walevi. Ukiupunguza usingizi, kesho yake umakini unazidi kushuka.

Basi kazi kubwa tuihamishe asubuhi, tuipeleke jioni. Ila usiiweke “kabla ya kulala”, maana nakujua utakuwa umechangamka na jambo jingine kabisa. Ifunge kwenye kitu ambacho lazima kitokee kila siku. Ivan akikaa kula chakula cha jioni, wewe hukai bado. Unasimama na kukusanya. Shati lake, kaptula, soksi zote mbili, viatu, begi lenye madaftari, kitambulisho chako cha kazi, kadi ya mwendokasi au nauli, funguo, nguo utakayovaa wewe ikiwa imeshapigwa pasi. Vyote viingie kwenye beseni moja kubwa lililo wazi, karibu na mlango wa kutokea. Usiweke kabatini. Kwa mtu mwenye ADHD kilichofungiwa kabatini hakipo duniani, na ukilifungua kabati utakutana na bahasha nyingine. Shati likiwa bichi, utaligundua saa moja jioni, muda ambao bado lina dawa.

Hata hizo risiti zisikae chumbani. Zitafutie mahali kazini, au ziingie kwenye mkoba usiku huohuo. Alfajiri chumba chako kisiwe na kitu chochote cha kupangwa.

Sasa simu. Hapana, simu haikukusababishia ADHD. Ili daktari aitambue kwa mtu mzima, dalili kadhaa lazima ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Mwongozo wa utambuzi wa Marekani wa mwaka 2013 ndio uliouweka umri huo, zamani ulikuwa miaka 7. Wewe ukiwa na miaka 12 hapakuwa na grupu la kikoba mkononi mwako. Lakini kwamba simu haikuleta ugonjwa haina maana kwamba haina hatia asubuhi. Umeandika mwenyewe “nione saa tu”. Hakuna binadamu anayeona saa tu kwenye simu, na wewe hata kidogo. Nunua saa ya betri ya kuweka mezani, yenye mishale, na alamu yake iwe hiyo. Simu ilale sebuleni kwenye chaji, data imezimwa, na uiguse ukiwa umeshakaa kwenye basi. Ubishi wa hisa utaukuta, haujawahi kuisha mapema.

Nimesema yenye mishale kwa makusudi. Wataalamu wa ADHD, akiwemo mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley, wamelieleza sana tatizo la kutouona muda: dakika tano na dakika thelathini zinahisika sawasawa. Namba za kwenye simu zinakuambia sasa ni saa ngapi, hazikuonyeshi kimebaki kiasi gani. Mshale unaosogea kuelekea robo unauona kwa macho. Weka saa nyingine kubwa ya ukutani jikoni, na chukua kipande cha plasta chekundu ubandike pale ambapo mshale mrefu utakuwa gari la Ivan linapofika.

Na mama mkwe, bila shaka, ana redio. Iwashwe. Redio zetu za asubuhi zina ratiba isiyobadilika: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, magazeti, michezo. Sikiliza kwa siku chache ujue kipi kinaangukia wapi, halafu ukipe kazi. Wakianza kusoma vichwa vya habari, Ivan awe amevaa viatu. Hii inashinda alamu nyingi, kwa sababu alamu inalia mara moja, unaizima, umeisahau. Redio inaendelea kusema nawe ukiwa jikoni, bafuni, popote.

Tuje kwenye maji, maana najua ndiyo yatakayokushinda. Siwezi kukuambia uyapuuze wakati yanatoka mara chache kwa wiki. Lakini dumu linaweza kujazwa na mtu mwingine, gari la shule haliwezi kupandishwa na mtu mwingine. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, tangu miaka ya 1990 ameonyesha kwamba watu hutekeleza zaidi wanapopanga kwa mtindo wa “likitokea hili, nitafanya hili” kuliko wanaposema tu “nitajitahidi”, na tafiti zilizofuata zimeona inawasaidia hata watoto wenye ADHD. Kwako isomeke hivi: bomba likitoa kabla Ivan hajapanda gari, namwita Bibi. Basi. Yeye asimamie mpira wa maji, na kama macho hayamruhusu kwenda nje gizani, patana na kijana wa jirani umlipe kwa dumu. Sentensi hiyo iandike ukutani, uisome kwa sauti jioni. Utaona ni kama mchezo wa watoto, lakini shida si kwamba hujui la kufanya; shida ni kwamba bomba likianza kutoa miguu inatangulia kabla hujawaza.

Kwa yale mengine yatakayojitokeza bila taarifa, na yatajitokeza, ning'iniza daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi hapo jikoni. Umeona mende, umekumbuka ada, umekuta kifungo kimekatika: andika neno moja, ondoka. Akili inang'ang'ania jambo kwa sababu inaogopa kulisahau. Likiandikwa inaliachia.

Chai usipike. Najua nagusa heshima ya nyumba hapa, lakini kwa muhula huu mmoja jiko la alfajiri liondoe mikononi mwako. Maji yachemshwe usiku yaingie kwenye chupa, chai ikorogwe asubuhi bila kubandika kitu, na vitumbua vinunuliwe kwa mama wa pale kona. Hakuna mtoto aliyefeli darasa la nne kwa sababu ya kitumbua cha kununua. Sufuria iliyo motoni wakati umeenda kupanga risiti kwa tarehe ni hatari ya moto, na hilo linanipa wasiwasi kuliko hata barua ya onyo.

Ivan naye tusimsahau, maana asubuhi yenu ina watu wawili wenye hali moja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi unachangia kati ya asilimia 70 na 80 ya tofauti za watu katika ADHD, kwa hiyo hukumharibu kwa malezi, umempa kama ulivyompa pua yako. Ukimpigia kelele kutoka jikoni “vaa, chukua begi, piga mswaki, umemsalimia Bibi?”, atakamata neno la mwisho tu. Mfuate, mguse bega, mpe jambo moja, likiisha mpe la pili. Avae palepale kwenye beseni la mlangoni, televisheni ikiwa imezimwa. Mpe na cheo: yeye ndiye mtazama plasta nyekundu. Watoto hawa wanapenda sana kuwakumbusha wakubwa, na wewe unahitaji kukumbushwa na mtu asiyekusimanga.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye habari za enzi zao. Ukitaka la kumjibu, mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London akawaeleza watoto wenye akili timamu wasioweza kutulia wala kushikilia jambo, na wakati huo simu ya mkononi haikuwa hata ndoto. Ila mimi nisingemjibu. Ningemwomba kazi. Mwanamke aliyelea nyumba nzima halafu akakaa kwa mkwe wake bila shughuli lazima aone makosa, kwa kuwa ndiyo shughuli iliyobaki. Mwambie, “Mama, naomba asubuhi unishikie redio na maji, mimi nishike mtoto.” Hujamwomba aamini ADHD. Na baba Ivan, siku akiwa na zamu ya mchana, asubuhi hiyo ni yake kamili, kuanzia beseni mpaka geti. Asikusaidie, aichukue.

Kazi. Huna lazima ya kumtajia bosi jina la ugonjwa. Kuna mabwana wakubwa wakisikia neno “afya ya akili” wanaanza kukukagulia mahesabu upya, na wewe unashika fedha za watu. Kwanza ijibu barua ya onyo kwa maandishi, fupi, ndani ya muda uliopewa: unakubali ulichelewa, umebadilisha utaratibu wa nyumbani, na unaomba jambo moja mahususi. Jambo lenyewe liwe kuingia saa mbili na nusu na jioni kutoka nusu saa baada ya wenzako, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Ombi dogo lenye mwisho ni rahisi kukubaliwa kuliko maelezo marefu ya huruma. Wakikataa, au wakiendelea na hatua nyingine za nidhamu, hapo ndipo umwombe daktari akuandikie barua, na uipeleke kwa afisa rasilimali watu badala ya kuizungumza korido.

Nimeviacha vidonge mwisho kwa kuwa hapo mwenye neno ni daktari wako, lakini kuna jambo katika barua yako ambalo lazima umweleze. Methylphenidate ya kawaida, isiyo ya kutolewa polepole mwilini, huanza kufanya kazi baada ya nusu saa mpaka saa nzima, na hudumu kwa muda wa saa tatu mpaka nne hivi. Ukimeza ukiwa ofisini, saa ile ngumu kuliko zote umeipita bila msaada wowote. Muulize kama unaweza kumeza mara tu unapoamka, na kama ni pamoja na chakula au la; wapo ambao madaktari wao huwaruhusu kuweka kidonge na glasi ya maji pembeni ya alamu. Mwambie pia ukweli kuhusu usingizi, hamu ya kula na mapigo ya moyo, apime na presha. Ukisahau dozi, usimeze mbili kufidia.

Na kwa kuwa mnatumia dawa ya jina moja nyumba moja: usichote vya Ivan vyako vinapoisha, wala usimpe vyako. Dozi zinatofautiana. Pakiti mbili zikae mahali pawili tofauti, juu, zimeandikwa majina kwa kalamu nene, na cha Ivan apewe mkononi na mtu mzima anayemwona akimeza.